Mtoto hakusubiri baridi iishe

Mwanangu wa kwanza alizaliwa Njombe mwanzoni mwa Aprili, mvua zikiwa ukingoni. Anayeijua Njombe ataelewa kwa nini nataja mwezi. Mji wetu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mtoto wa Aprili anafikisha miezi mitatu Julai, wakati ukungu unashuka mapema na maji ya ndooni asubuhi yanauma mikono. Wakati ule sikuwa nimepiga hesabu hiyo. Nilijua tu kwamba nina mtoto mdogo, na baridi inakuja.

Mama mkwe alifika kutoka Makete siku ya tatu, na mfuko wa viazi na blanketi jipya. Alisalimia "kamwene" mlangoni, akanawa mikono, akamchukua mjukuu wake. Alimlaza kitandani juu ya khanga, akainyoosha mikono yake chini mbavuni, akaivuta miguu yote miwili ikalingana na kunyooka, kisha akamviringisha kwa nguvu kuanzia mabegani hadi kwenye vidole vya miguu. Juu ya khanga akaongeza blanketi, na juu ya blanketi akazungusha kipande cha kitenge akakifunga fundo. "Hivi hatapata matege," aliniambia, "na hatashtukashtuka." Mtoto aliyekuwa analia tangu alfajiri alinyamaza. Akalala saa nne mfululizo, nami nikalala.

Nalisema hili waziwazi kwa sababu naona wengi wakiongea kana kwamba kumfunga mtoto ni ujinga wa wazee. Si ujinga. Mtoto mchanga anashtuka mwenyewe: mlango ukigonga, au ukimlaza haraka kidogo, mikono inaruka pembeni, vidole vinatanuka, naye anaamka akilia. Miezi tisa alikuwa amebanwa tumboni, sasa anajikuta kwenye uwazi. Nguo inamrudishia ule mbano alioujua. Mama mkwe aliyajua hayo bila kusomeshwa na mtu, na wiki zile za mwanzo aliniokoa.

Shida ya kwanza niliiona kliniki, na haikuja kama shida. Mtoto alikuwa na wiki tatu. Alizaliwa na kilo 3.1, na siku ile mizani ilisoma 3.0. Nesi aliiangalia kadi, akamwangalia mtoto, akaniuliza ananyonya mara ngapi kwa siku. Nikajibu mara tano, siku nyingine sita. Nikaongeza kwa fahari kwamba mwanangu ni mpole, hasumbui.

"Mpole, au amefungwa?" akaniuliza. Hakusema kwa ukali.

Alimfungua pale pale mezani. Fundo la kitenge, blanketi, khanga. Mikono ilipotoka tu, mtoto akaipeleka mdomoni, akaanza kunyonya ngumi na kugeuza kichwa huku na huku akitafuta. Nesi akasema, "Unaona? Anakuambia ana njaa. Ndivyo wanavyosema kabla ya kulia. Ukimfunga mikono umemziba mdomo." Mtoto wa umri ule, alinieleza, anatakiwa anyonye mara nane hadi kumi na mbili kwa saa 24, usiku ukiwemo. Wangu alikuwa amefungwa vizuri hivi kwamba alikuwa anapitiliza njaa usingizini. Na mimi nilikuwa nashukuru.

Tangu siku ile kila nilipomnyonyesha nilimfungua kabisa, ngozi yake ikagusa yangu, tukajifunika blanketi moja. Kama amelala saa tatu bila kuamka, nilimwamsha. Wiki mbili baadaye mizani ilisoma 3.7, nikatoka pale nikitembea kama mtu aliyepewa zawadi.

Nesi yule yule ndiye aliyenifundisha kufunga, kwa khanga yangu mwenyewe. Naeleza kama alivyofanya. Aliitandaza kwa pembe, si kwa upande, pembe ya juu akaikunja kwa ndani. Akamlaza mtoto chali, mabega yakiwa sawa na mkunjo ule, si shingo. Akaikunja mikono ya mtoto ikatulia kifuani, akaleta upande mmoja wa khanga, akaupitisha chini ya mwili upande wa pili, kisha upande uliobaki. Halafu akaingiza vidole vyake viwili kati ya nguo na kifua. "Visipoingia, umekaza. Vikiingia na mkono wote ukafuata, umelegeza, na nguo itapanda puani." Pembe ya chini aliikunjia juu kwa ulegevu, kama mfuko, miguu ikabaki imekunjika na magoti yakiangalia nje. Alinishika mkono akanigusisha magoti yale kwa nje ya nguo: yanacheza. "Yasipocheza, fungua uanze upya."

Nikamuuliza kuhusu matege. Akasema miguu ya kila mtoto mchanga imepinda kwa sababu ndivyo alivyokuwa amejikunja tumboni, na itanyooka yenyewe akikua. Matege yenyewe, yale ya ugonjwa, mara nyingi yanatokana na upungufu wa vitamini D, na hakuna khanga inayotibu hilo. Kinachopatikana kwa kuivuta miguu na kuifunga imenyooka ni hatari ya nyonga kuteguka. Mfupa wa paja unakaa kwenye kikombe cha nyonga ambacho kwa mtoto mchanga bado ni laini, na miguu ikilazimishwa kunyooka na kubanana, mfupa unasukumwa kutoka mahali pake. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Japani mwaka 1975 walianzisha kampeni ya nchi nzima ya kuwaomba wazazi waache kunyoosha miguu ya watoto wachanga kwa nguo na nepi, na watoto wenye nyonga zilizoteguka wakapungua sana.

Kazi ngumu ilikuwa nyumbani. Mama mkwe amelea watoto sita kwenye baridi inayoipita ya Njombe. Ningemwambia vipi kwamba anakosea? Siku mbili nilinyamaza, nikawa namfunga mwenyewe yeye akiwa jikoni. Aliona. "Mwanangu, mbona umemfunga kama mzigo wa mboga?" Alikuwa ameumia, nilisikia kwenye sauti.

Nilimjibu kwa kumuuliza. "Mama, ukimbeba mgongoni miguu yake inakuwaje?"

Akafikiri. Akapanua vidole viwili vya mkono wa kulia akaviweka kwenye ngumi ya kushoto, kama mtoto aliyekumbatia mgongo. "Inatanuka."

"Na watoto wako sita, wote uliwabeba?"

"Wote. Shambani, sokoni, kila mahali."

Nikamwambia alichosema nesi, kwamba kile mbeleko inachofanya mgongoni ndicho khanga inatakiwa kukifanya kitandani: miguu itanuke. Sikumwambia kwamba alikosea, kwa sababu naamini mbeleko yake ya mchana ilirekebisha mengi ya usiku. Hapo jirani Malawi, madaktari wa mifupa walioangalia kumbukumbu za miaka kumi za hospitali yao hawakukuta mtoto hata mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga ya aina hiyo, nao wakaitaja mbeleko kama sababu mojawapo inayowezekana. Mama mkwe hakuhitaji habari za Malawi. Jioni ile alimfunga mjukuu wake miguu ikiwa huru, akaniita nije niguse magoti.

Kuhusu joto tulichelewa kuelewana. Yeye alikuwa anagusa miguu ya mtoto. Ikiwa ya baridi, anaongeza nguo. Sasa miguu na mikono ya mtoto mchanga huwa ya baridi hata akiwa na joto la kutosha, kwa hiyo kila usiku tulikuwa tunaongeza: khanga, shali, blanketi, kofia ya sufu, soksi mbili. Usiku mmoja nilimnyanyua nikakuta nyuma ya shingo pameloa jasho, nywele zimeganda kichwani, mashavu mekundu, anapumua haraka. Tukadhani homa. Tulipomfungua na kumwacha na nguo moja, baada ya nusu saa kipimajoto kikasoma 36.9. Hakuwa na homa, alikuwa anapikwa. (Na angekuwa na homa kweli, kumfunga ndiyo ingekuwa hatari zaidi. Mtoto mwenye homa hafungwi, anapelekwa hospitali.) Tangu hapo tunagusa nyuma ya shingo au kifuani. Pakiwa pa uvuguvugu na pakavu, mtoto yuko sawa, hata kama miguu ni ya baridi. Kofia tunavua ndani anapolala, maana joto la ziada la mtoto linatokea kichwani.

Naomba nisimame kidogo kwenye jiko la mkaa, ingawa si nguo. Huku kwetu Juni na Julai watu wanaingiza jiko chumbani walipolala mama na mtoto, wanafunga dirisha ili joto lisitoke. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki kujiokoa. Pasheni moto chumba mlango ukiwa wazi, kisha toeni jiko kabla ya kulala. Nimekwenda kwenye msiba wa namna hiyo. Sitaki kuongeza neno.

Sasa Julai.

Mtoto alikuwa ametimiza miezi mitatu. Mchana nilikuwa namlaza kwenye mkeka karibu na mlango palipo na jua, bila kufungwa, na kwa kama wiki moja alikuwa ameanza kitu kipya. Ananyanyua miguu yote miwili juu, anaiangusha upande mmoja, na kiuno kinafuata. Anabaki ubavu, anashangaa, kisha anarudi chali. Nilifurahi mno. Nilimpigia simu baba yake akiwa kazini Makambako nikamwambia mwanao anataka kugeuka. Mama mkwe alipiga vigelegele. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeunganisha mkeka wa mchana na khanga ya usiku.

Nilikuwa na mpango wangu kichwani, na naukumbuka kwa maneno yake: nitaacha kumfunga baridi ikiisha, mwezi wa tisa. Kalenda yangu ilikuwa ya hali ya hewa.

Ilikuwa usiku wa Alhamisi. Nilikuwa nimemfunga kama nilivyofundishwa, vidole viwili, magoti yanacheza, chali, kwenye kitanda chake kidogo pembeni ya changu. Usiku wa manane niliamshwa na sauti ambayo sikuitambua. Haikuwa kilio. Ilikuwa kama mtu anayekoroma ndani ya mto, fupi, inakatika, inarudi. Nikapapasa kitandani kwake gizani nikitegemea kugusa uso, mkono wangu ukakuta kisogo.

Alikuwa kifudifudi. Nilipowasha taa ya simu niliona nguo imepanda hadi mdomoni, pua imezama kwenye godoro, na mabega yanahangaika ndani ya khanga, yanasukuma, mikono haitoki. Nilimgeuza. Uso ulikuwa umevimba na kuiva, umelowa mate. Akavuta pumzi ndefu, halafu akalia, na mimi nikakaa chini sakafuni naye kifuani, nikatetemeka hadi mama mkwe alipoingia na taa. Hakuuliza. Aliichukua ile khanga kitandani akaikunja, akaiweka juu ya kabati.

Hatukulala tena. Kuanzia saa tisa hadi jogoo wanawika nilikuwa nahesabu pumzi zake.

Nilichokielewa usiku ule sijawahi kukisahau. Mtoto anayegeuka mikono ikiwa huru ana kitu cha kufanya: anasukuma godoro, ananyanyua kichwa, anageuza uso pembeni. Mtoto anayegeuka akiwa amefungwa hana chochote. Nguvu zile zile tulizozipigia vigelegele mchana zilimpeleka kifudifudi usiku, na sisi tulikuwa tumemnyang'anya mikono ya kujitoa. Kuwalaza watoto chali kunaokoa maisha mengi: Marekani walianza kampeni ya kuwalaza chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua karibu nusu katika miaka iliyofuata. Lakini kumlaza chali kunasaidia kama anabaki chali. Siku anayoweza kugeuka, khanga inageuka naye.

Wiki iliyofuata tulikuwa na chanjo ya wiki ya 14. Nesi wa zamu alikuwa mwingine. Nilimweleza, nikiona aibu. Aliniuliza nilianza lini kumwona akijitupa ubavu. Nikasema wiki moja kabla. "Basi siku ile ndiyo ilikuwa siku ya kuacha," akasema. "Hata kama hajageuka kabisa. Hata kama ameshindwa katikati." Wengi wanaanza kuonyesha dalili kwenye miezi mitatu hadi minne, lakini wapo wa miezi miwili, na hakuna anayekupigia simu kukujulisha kwamba wako ni mmoja wao. Nesi yule wa kwanza alinifundisha kufunga vizuri, na siku aliyonifundisha foleni ilikuwa ndefu. Habari ya kuacha haikufikiwa. Simlaumu. Ila ndiyo maana naandika: maelezo ya kufunga bila maelezo ya kuacha ni nusu ya maelezo, na nusu iliyobaki ndiyo inayoua.

Kuacha katikati ya Julai kulitutia hofu. Tumfunike na nini? Blanketi lililolegea juu ya mtoto anayerusha miguu linaishia usoni. Mama mkwe ndiye aliyepata jibu. Alichukua lile blanketi alilokuja nalo kutoka Makete, tukaenda kwa fundi cherehani karibu na stendi, akamweleza kama anaagiza gauni: kizibao kisicho na mikono, shingo iwe ya kiasi kichwa kisije kikazama ndani, chini kishonwe kifungwe kama gunia, kiwe kipana mtoto arushe miguu atakavyo, vishikizo mabegani. Fundi alicheka kidogo, kisha akashona siku hiyo hiyo. Ndani yake tulimvalisha fulana, nguo ya mikono mirefu na sweta jepesi. Mikono nje. Hakuna blanketi lingine juu, hakuna mto.

Usiku wa kwanza aliamka kila saa. Mikono ilimshtua, akajipiga usoni, akalia kwa hasira. Usiku wa pili hivyo hivyo. Niliweka kiganja changu kifuani kwake nikakiacha hapo bila kumnyanyua, hadi mkono wangu ukafa ganzi. Usiku wa tatu mama mkwe alinipokea zamu. Usiku wa tano aligundua vidole vyake, akavitia mdomoni, akajilaza mwenyewe. Kama mtu angeniambia usiku wa pili kwamba nimfunge tena mara moja tu nipumzike, nisingekubali, na hata hivyo nilitamani.

Jambo moja la kitandani. Baridi ikikaza wengi wetu tunalala na watoto wetu, na sitajifanya sijawahi. Ila mtoto aliyefungwa asilazwe katikati ya watu wazima chini ya blanketi lao. Anapata joto la miili miwili juu ya joto la khanga, na blanketi likimfika usoni hana mkono wa kulisukuma.

Wa pili alizaliwa Oktoba miaka mitatu baadaye. Kwake nilianza kumwachia mkono mmoja nje alipofika wiki ya nane, siku chache baadaye wa pili, kabla hajaonyesha dalili yoyote ya kugeuka. Hakulia hata usiku mmoja. Alipoanza kujitupa ubavu kwenye mkeka, khanga ilikuwa zamani imerudi kuwa mbeleko.

Sasa wifi yangu amejifungua Makete, mtoto ana wiki saba, na tuko mwishoni mwa Mei. Nimeshapiga hesabu: atafikisha miezi mitatu mwanzoni mwa Julai, katikati kabisa ya baridi. Mama mkwe yuko naye. Jana jioni alinipigia, akaniambia anamfunga magoti yakicheza na anagusa shingo, si miguu. Halafu akaniuliza kama lile gunia la blanketi bado ninalo. Ninalo, nimelifua leo, vishikizo viwili nimevishona upya. Jumamosi nitalipeleka mwenyewe na basi la asubuhi.